Siku Mbili za Kuchana Kichwa cha Kavugho

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kijani aliingia katika karakana ya useremala nilimokuwa nafanya kazi, mjini Beni, akamwaga machanuo sita ya plastiki juu ya meza yangu. Nilikuwa nasugua mguu wa kiti kwa msasa. Akauliza kama msasa ule unaweza kulainisha meno ya chanuo.

"Chanuo si kiti, mama," nikamjibu.

"Weka kidole kwanza."

Nikapitisha ukucha kati ya meno mawili. Palikuwa na mshono, ule mstari mwembamba unaobaki pale pande mbili za plastiki zinapokutana kiwandani. Ulikuwa mkali kama ukingo wa bati.

"Hii mustari inakata bamama nyuele," akasema. "Nabo banasema ni mimi niko na mukono mubaya. Wewe fundi, sema: ni mukono ao ni chanuo?"

Nikamwambia ni chanuo. Alifurahi sana. Jina lake lilikuwa Mama Katungu, na saluni yake ilikuwa nyumba ya mbao nyuma ya soko. Nilisugua meno yale hadi adhuhuri, nikampelekea machanuo mwenyewe kwa sababu nilitaka kuona msasa wangu umebadilisha nini. Nilikaa huko miaka tisa.

Zawadi na Eliza, ninyi mnaobaki na saluni ya Butembo sasa, mmeniomba niandike namna kichwa cha Kavugho kilivyofunguliwa, maana mmesikia kila mtu akikisimulia kwa namna yake. Wengine wanasema nilitumia dawa. Sikutumia dawa. Msichana yule alikuwa na siku mbili: tukishindwa, angenyolewa kwa wembe kwa ajili ya kaka yake, na yeye hakukubali kwamba kaka yake amekufa. Nitafika huko. Lakini kichwa kile hakikufunguka siku zile mbili tu. Kilianza kufunguka Beni, kwenye kipande cha kamba.

Mama Katungu hakunipa kichwa cha mtu kwa majuma mawili ya kwanza. Alininingʼinizia mlangoni kamba ya katani aliyokuwa ameifumua na kuifungafunga mafundo, akatandika chini yake taulo jeupe. Kazi yangu ilikuwa kuichana bila kuangusha nyuzi. Siku ya kwanza nilianzia juu, kama watu wote wanavyofanya, nikavuta kwa nguvu hadi chini. Mafundo yote yalishuka yakakutana mahali pamoja, yakawa fundo moja kubwa, na taulo likajaa nyuzi.

"Umeona?" akasema. "Umekusanya kelele zote mu chumba moja. Anzia ncha. Ukimaliza ncha, panda kidole mbili. Na mukono ingine ishike juu ya fundo, ili kichwa isisikie kitu."

Hayo ndiyo mafundisho yote. Mengine niliyojifunza baadaye ni maelezo tu. Anza kwenye ncha, panda vidole viwili, shika juu ya fundo. Inaandikwa kwa mstari mmoja na inahitaji mwaka mzima mkono uizoee, kwa sababu mkono una haraka kuliko akili.

Maseremala wenzangu wa zamani walikuwa wakipita kwa makusudi wakati wa chakula, wakasimama mlangoni. "Paluku! Umeacha mbao, sasa unapiga randa bichwa ya bamama?"

Mama Katungu aliwajibu bila kugeuka. "Mbao haimulipe. Muke yako iko humu ndani, yeye anamulipa. Umusalimie?"

Hawakurudi tena kwa muda.

Taulo jeupe lilibaki mabegani mwa wateja, na mimi nikaanza kuhesabu kilichoanguka juu yake. Nina tabia hiyo, nimeitoa kwenye useremala: unapopima kitu unaacha kubishana. Nikagundua kwamba nywele zinazoanguka ni za aina mbili. Moja ni ndefu, na mwisho wake una kijipunje cheupe kidogo kama chembe ya chumvi. Hiyo imemaliza muda wake na ingeanguka hata kama usingegusa kichwa. Nyingine ni kipande kifupi kisicho na kijipunje. Hiyo imekatika, na aliyeikata ni wewe. Mteja akilalamika kwamba nywele zinaisha, msibishane naye. Tandikeni taulo, chaneni, kisha mwonyesheni mmoja mmoja.

Mwaka wa tatu nilipata kitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, cha ususi, hakina jalada, na muuza karanga sokoni alikuwa amekwisha kuchana kurasa za mwanzo kufungia bidhaa zake. Nilinunua kilichobaki. Nilikisoma kwa miezi minne pamoja na kamusi, nikiandika kila neno jipya kwenye daftari. Kilinifundisha mengi ya kweli: kwamba unywele una magamba madogo yaliyolala kuelekea ncha, kama mabati ya paa, kwamba ukichana kinyume unayainua, kwamba mafuta ya kichwa yanatoka kwenye ngozi na yanahitaji kusaidiwa yashuke. Kisha kikasema kwamba nywele zipigwe brosi mara mia kila jioni ili zing'ae.

Nilikiamini. Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa huo, anaheshimu karatasi kuliko macho yake. Tulikuwa na mteja, Mama Alphonsine, mwimbaji wa kwaya, mwenye nywele nyingi ngumu ambazo hajawahi kuzitia dawa ya kulainisha. Nilimpiga brosi mara mia, nikihesabu kwa sauti, na nikamfundisha binti yake amfanyie hivyo nyumbani. Baada ya majuma matatu alirudi, akavua kitambaa, akanionyesha pande mbili za paji la uso. Palikuwa peupe kama njia ya mbuzi.

"Paluku," akasema, "hii brosi yako inakula."

Nilitandika taulo. Vilianguka vipande vifupi, vyote bila kijipunje. Nikamwomba msamaha mbele ya wateja wengine, na Mama Katungu akakichukua kitabu, akakipindua huku na huku.

"Mutu aliandika hii," akaniuliza, "wakati anaandika, alikuwa anaangalia kichwa ya nani?"

Sikukitupa kitabu. Niliandika ukutani kwa makaa: nywele za kujikunja hazipigwi brosi zikiwa wazi na kavu. Hufunguliwa kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana, zikiwa na unyevu na mafuta. Brosi laini ni ya kulaza nywele za pembeni na kufuta vumbi juu ya misuko, basi. Mama Alphonsine alipona baada ya miezi saba. Aliendelea kuja kwetu, jambo ambalo sijui kama mimi ningelifanya.

Kisha nikahamia Butembo, kwa sababu mke wangu ni mtu wa Musienene, jirani na mji huo, na mama yake alikuwa mgonjwa. Nilidhani kichwa ni kichwa. Lakini Butembo ni baridi. Beni mtu anamwagiwa maji kichwani asubuhi na anashukuru. Butembo ukimkaribia mteja na kikombe cha maji kabla ya saa nne, anasimama. "Papa, unataka baridi iniingie mu kichwa?" Kwa hiyo mji mzima ulikuwa unachana nywele kavu, alfajiri, haraka, kabla ya misa au kabla ya soko, na vumbi jekundu la barabara limo ndani likifanya kazi ya msasa. Nilinunua thermosi mbili. Maji ya vuguvugu kwenye chupa ya kunyunyizia, mafuta kidogo, kitambaa mabegani, na baridi haimwingii mtu. Hayo ndiyo mageuzi makubwa niliyoleta Butembo: thermosi.

Nilikuwa nachonga machanuo mwenyewe, ya mti wa mkahawa mzee, kwa sababu nyuzi zake ni za kushikana na hazipasuki. Nikayapika katika mafuta ya mawese yaliyosafishwa, nikayasugua kwa msasa mwembamba hadi yakateleza juu ya soksi ya hariri bila kuinasa. Hicho ndicho kipimo changu hadi leo. Chanuo likinasa soksi, litanasa mtu. Wakati wa Ebola ilitubidi kuosha kila kitu kwa maji ya klori, na klori ilipasua mbao zote. Tukarudi kwenye plastiki na msasa. Kila mteja akawa na chanuo lake katika mfuko wenye jina lake, na nawasihi msiiache desturi hiyo ingawa ugonjwa umeondoka. Mifuko ile imezuia chawa na mba kuliko mahubiri yoyote.

Sasa Kavugho.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Nilifungua saa moja na nusu na walikuwa wamesimama mlangoni: mama aitwaye Masika, na binti yake Kavugho, wa miaka kumi na sita hivi, kichwa kimefungwa kitambaa kinene. Walikuwa wamekimbia kutoka pande za Mangina, wakaishi Butembo kwa shangazi wa msichana. Masika alikaa kwenye benchi, akatoa mfukoni wembe mpya ambao bado umo katika karatasi yake, akauweka mezani.

"Papa Paluku, tunakuja kunyoa. Yote. Mpaka ngozi."

"Hapana," akasema msichana.

"Nyamaza wewe."

"Mutu alikufa ni nani? Muniambie kwanza mutu alikufa, halafu mutaninyoa."

Mnajua desturi yetu. Kukata fupi kwa mashine ni jambo la kila siku, shule zinalitaka. Lakini kunyoa kwa wembe hadi ngozi, familia nzima kwa pamoja, ni kilio. Masika alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha. Mwanawe mkubwa, Kasereka, alikuwa amekwenda kuvuna kakao shambani, miezi mitano sasa. Watu wa porini, waasi wenye bunduki, walipita siku ile. Waliokuwa naye walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakupatikana. Baba mdogo wa watoto alikuwa ameamua: Jumamosi wanafanya kilio, wananyolewa wote, waache kungoja.

"Mimi nimechoka kungoja," akasema Masika. "Kungoja inakula mutu kuliko kilio."

"Mimi sijachoka," akasema Kavugho.

Akavua kitambaa. Alikuwa amesukwa rasta za nywele bandia wiki ileile kaka yake alipoondoka, na tangu siku ile hakumruhusu mtu kuzigusa. Nywele hudondoka kila siku kichwani kwa kila mtu; kwenye misuko haziwezi kuanguka, zinabaki pale shinani. Miezi mitano ya nywele zilizokufa zilikuwa zimejisokota na zile hai, pamoja na vumbi la safari na jasho la malaria aliyokuwa ameugua. Kisogoni zilikuwa kitu kimoja, kama kipande cha blanketi. Mkasi usingepita, wala mashine. Nilielewa kwa nini wembe.

"Baba mdogo anasema nini kuhusu huyu?" nikamwuliza Masika.

"Anasema kichwa chafu hivi haiwezi ikaingia mu kilio. Inyolewe ao isafishwe. Lakini nani atasafisha hii?"

"Amesema pia isafishwe. Niache nijaribu."

Masika aliusogeza wembe hadi katikati ya meza. Halafu akasema, "Bon. Mpaka kesho magaribi. Ikishindikana, wembe iko pale."

Sikumwahidi msichana. Msiahidi kamwe kabla vidole havijapima. Niligawa kichwa katika mafungu ishirini na manne, nikachora kichwa kwenye daftari, kila fungu na namba yake. Kisha nikawarudisha wateja wa siku ile. Hatukuzungumza bei.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza nilipima mahali nywele zake mwenyewe zinapoishia ndani ya rasta, nikaongeza vidole vitatu vya usalama, nikakata nywele bandia chini ya hapo. Nikafumua kila rasta hadi inapokutana na blanketi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanamwaga maji. Nywele zilizoshikana hivyo ni kama sufu, maji na kusugua huzikaza zaidi. Kwanza mafuta. Nilitumia mafuta ya nyonyo niliyoyapasha moto kidogo, fungu moja kwa wakati, nikaziacha nywele ziyanywe. Kisha vidole, nikipanua blanketi kwa upande, si kwa kuvuta chini. Kisha mkia wa chanuo, kutoa uzi mmoja mmoja. Chanuo lenyewe mwisho, kuanzia ncha, mkono wa kushoto umeshika juu ya fundo. Vijipunje vyeupe vilianguka juu ya taulo kwa mamia. Nikamwonyesha.

"Hizi zilikuwa zimeenda zamani. Sizikati mimi."

"Ziko nyingi."

"Ni za miezi mitano."

Nilipomuuliza kama anaumia, alijibu, "Endelea tu, Papa." Msiamini jibu hilo. Angalieni vidole vya miguu. Mtu anayeumia huvikunja.

Alhamisi jioni nilikuwa nimefungua mafungu tisa. Nilihesabu: tisa kwa siku moja, kumi na tano yamebaki. Hesabu ilikuwa mbaya, lakini mkono ulikuwa umeshajua njia, na mafungu yaliyobaki nilikuwa nimeyatia mafuta yalale nayo. Nikamfunga kitambaa, nikawaambia waje kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Walikuja. Nikafungua kitambaa. Nywele zilikuwa safi, zinanukia sabuni, na yale mafungu kumi na tano yalikuwa yamekazana kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Shangazi alimuosha," akasema Masika. "Na maji ya moto. Alisema, haiwezekani mutoto aende kwa coiffeur na kichwa ya mafuta hivi, batu batatucheka."

Ninyi mnajua watu wetu. Mtu hufua nguo kabla ya kumpelekea dobi. Shangazi alikuwa amefanya kwa heshima yangu. Sikumkemea mtu. Nilichora kichwa upya kwenye daftari, nikaandika pembeni: *maji ya moto*. Hadi leo mkiona naandika kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mteja "USIOSHE MPAKA NIMALIZE", mjue imetoka kwa shangazi wa Kavugho.

Nikaanza tena na mafuta. Saa nne fungu la kwanza la siku lilikuwa bado halijafunguka. Masika alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, wembe mezani mbele yake. Alikuwa anautazama. Hakuwa mkali, alikuwa mtu anayengoja basi analojua litakuja.

"Mama Masika," nikamwambia, "mikono yako inafanya nini?"

"Hapana kitu."

"Njoo basi. Fungu hili, upande wa sikio. Si kwa kuvuta. Panua hivi, kama unachambua maharagwe."

"Mimi nilileta wembe, Papa Paluku."

"Wembe hautakimbia."

Masika akanyanyuka, akanawa mikono, akaja upande wa pili wa kiti. Kavugho aliinua macho kwenye kioo, akayashusha. Masika alikuwa na vidole vya mtu aliyechambua maharagwe na mpunga maisha yake yote, vidole vinavyojua kutoa jiwe bila kumwaga punje. Baada ya nusu saa alikuwa na kasi kuliko mimi. Hatukuzungumza habari za Kasereka. Alimwambia binti yake: "Hii nyuele ni ya bibi yako. Ngumu hivi hivi." Na msichana akasema: "Bibi alikuwa anaichana namna gani?" Na Masika: "Kwa matusi." Ndipo nilipomsikia Kavugho akicheka mara ya kwanza.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni, mafungu ishirini na matatu. Lilibaki moja, nyuma ya sikio la kushoto, upana wa sarafu, gumu kabisa. Nilichukua mkasi. Masika akanishika mkono.

"Hapana kata."

Akalifungua yeye. Ilichukua dakika arobaini, na jua lilikuwa limeshashuka, tukawasha taa. Kisha tukaosha, sasa kwa maji ya vuguvugu, tukachana tena kuanzia ncha, nikamsuka misuko minne minyoofu ya kulala kichwani, safi, hakuna mtu angeweza kuisema vibaya. Nilikusanya nywele zilizoanguka, mpira mkubwa kama kabichi changa, nikampa katika mfuko. Kwetu mteja hupewa nywele zake. Sijawahi kuona mchawi akija kuziomba, lakini pia sijawahi kumnyima mtu.

Masika aliuchukua wembe. "Huu ni wangu mimi kesho," akasema. "Yeye, nitaongea na baba mudogo." Mlangoni akageuka, akaniambia kwa Kinande, wasingya kutsibu, ahsante sana.

Jumamosi walinyolewa wote, wazee, watoto, Masika. Niliambiwa kwamba baba mdogo alikizunguka kichwa cha Kavugho akitafuta uchafu, hakuupata, akakaa. Msichana alikaa kwenye kilio na misuko yake minne, na majirani walisema mengi. Wengine walisema ni mimi nimemharibu.

Wiki ya saba baada ya hapo, kabla ya adhuhuri, waliingia watatu. Masika na kitambaa kichwani, Kavugho nyuma yake, na katikati yao kijana mwembamba anayetembea kama mtu asiyezoea sakafu. Alikuwa Kasereka. Alikuwa ametoroka porini, akatokea pande za Kalunguta, akafika usiku wa kuamkia siku ile. Hakusimulia na mimi sikuuliza. Nywele zake zilikuwa mbaya kuliko za dada yake.

"Yaya, Papa Paluku anaweza akachana hii," Kavugho akamwambia kaka yake. "Nilikaa hapa siku mbili. Inawezekana."

"Hapana. Nyoa, Papa. Hii ni nyuele ya kule. Ibakie kule."

Nikatandika kitambaa. Masika aliinama kukusanya miguu ya suruali ya mwanawe isiloe maji, na kitambaa chake kikateleza. Nywele zake zilikuwa na urefu wa punje ya mchele, sawasawa kichwa kizima, na hakuna mtu mzima wa kwetu asiyejua urefu ule unatokana na nini. Nilielewa kwamba tangu kijana alipofika alikuwa anajifunika asimwone. Kasereka alimwona kwenye kioo.

"Mama. Ulinyoa sababu ya nani?"

Masika hakukirudisha kitambaa. "Sababu yako."

"Na baba mudogo?"

"Bote."

Kasereka akamtafuta dada yake kwenye kioo, akatazama misuko yake, ambayo wiki ile ilikuwa sita, ya kulala, mipya.

"Na huyu?"

"Huyu alikataa."

"Alikataa namna gani?"

"Alikataa tu," akasema Masika. "Ni kichwa nguvu."

Kasereka aliinamisha kichwa ili nianze, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikangoja. Hamnyoi mtu ambaye mabega yake yanatikisika, wembe hauelewi. Kavugho akaja akasimama nyuma ya kiti, akaweka mikono miwili juu ya mabega yale, akaibakiza pale hadi yalipotulia. Ndipo nikanyoa, kutoka kisogoni kwenda mbele, wembe mpya, maji ya vuguvugu. Hakupata hata mkwaruzo mmoja.

Masika alilipa bei ya kunyoa, faranga elfu mbili, hakutaka nipunguze. Katika daftari langu, chini ya mchoro wa kile kichwa chenye mafungu ishirini na manne, nimeandika wateja kumi na mmoja waliorudishwa siku zile mbili, kwa elfu tano kila mmoja, nikatoa elfu mbili za Kasereka. Hasara yote: faranga elfu hamsini na tatu.